Yule wa Tatu

Kilabu chetu hakikuwa na jina, kwa sababu jina huvutia watu, na watu ndio hasa tuliokuwa tunawakimbia.

Tulikuwa wanne. Daktari wa Meno ndiye aliyekuwa na chumba, kile cha wagonjwa kusubiria, chenye viti vya kuegemea na madirisha yanayofungika barabara. Mwalimu wa Hesabu ndiye aliyekuwa na daftari. Fundi Saa ndiye aliyekuwa na mikono: kaseti ikikwama au santuri ikipinda, yeye huvaa lenzi yake ya jicho moja na kuirudishia uhai. Mimi, msoma mita wa idara ya maji, nilikuwa na miguu. Kazi yangu inaniingiza nyuma ya nyumba za watu, chini ya ngazi zao, kwenye stoo ambazo wenyewe wamezisahau, na huko ndiko unakookotwa muziki usio na mwenyewe. Mtu anakufungia mbwa ili usome mita, wewe unamwuliza kama hana kaseti za zamani. Wengi walidhani ni njia mpya ya kuomba rushwa.

Kila Jumamosi saa nane mchana tulifunga madirisha, tukafumba macho, tukasikiliza. Tulisikiliza wapiga gita watatu waliojirekodi ndani ya tangi tupu la mafuta. Tulisikiliza bibi mmoja aliyeimba nyimbo za mavuno kati ya spika mbili zilizopasuka. Tulisikiliza bendi ya roki ya karakana moja ambayo badala ya ngoma ilipiga mlango wa gari, dakika arobaini, na mlango wenyewe haukufunguka. Nisiwe mwongo, mwanzoni nilikuwa narudi nyumbani kichwa kikinigonga na kumwambia mke wangu ni jua. Halafu siku moja, katikati ya kelele za mabati yanayoburutwa, nikamsikia mpigaji akivuta pumzi. Nikajua pale palikuwa na mtu, yuko peke yake, na wala hana haja ya kunifurahisha. Tangu siku hiyo nikanaswa, na hilo silijutii hata leo.

Ninachojutia ni yaliyofuata. Kitu kizuri ukikipata unataka kiwe chako peke yako, na sisi wanne tuliigeuza tamaa hiyo kuwa sheria. Sheria ya kwanza, muziki usijulikane. Ya pili, aliyeutunga awe amekufa au hapatikani, maana msanii aliye hai huharibu mambo kwa kujieleza. Ya tatu, kaseti ya kilabu hainakiliwi wala haitoki: inakaa kwenye kabati la vioo la Daktari, katikati ya meno ya plasta ya wagonjwa, na ufunguo anao yeye. Ya nne ilikuwa mtihani wa Mpokezi.

Mpokezi ni yule mama anayeandikisha wagonjwa. Jumamosi mchana alikuwa anakuja kupanga kadi za wiki, na sisi tulimwona ni mtu wa kawaida kuliko wote tunaowafahamu. Tukiweka muziki mpya, Fundi Saa alifumbua jicho moja na kuutazama mguu wa Mpokezi chini ya meza. Mguu ukitikisika kufuata mdundo, muziki umefeli. Maana yake unaweza kumwingia mtu yeyote, basi hautufai. Mwalimu anachukua kalamu nyekundu, anaufuta kwenye daftari la kilabu. Bendi nzima ya watu tisa iliwahi kufutwa kwa sababu ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Rufaa haikuwapo.

Sasa mimi nina mama mdogo. Ndiye aliyenilea miaka yangu miwili ya mwanzo, mama yangu alipokuwa masomoni akijifunza uuguzi. Miaka thelathini amesimamia mashine ya kusaga nafaka, yeye na marehemu baba mdogo, aliyekuwa fundi wa mashine ile ile. Ana mwili mkubwa na sauti ya kuita mtu mtaa wa pili. Tangu astaafu anaishi peke yake, vyumba viwili na jiko, na kila kitu humo kimekaa mahali pake.

Siku moja aliniita kwake, akanipa kaseti iliyofungwa kwenye leso. Utepe ulikuwa umesokotana kwa ndani, umetoka upande mmoja. Akasema alikuwa amesikia nina rafiki fundi. Akasema daktari wa masikio amempima na kumwambia masikio yake yanaaga: sauti nyembamba zinatangulia kuondoka, kisha zitafuata nyingine. Alilisema hilo bila kulia wala kulalamika, kama mtu anayekujulisha kwamba basi la saa kumi halipo.

"Humu ni mimi na baba yako mdogo," aliniambia. "Ikishatengenezwa, tukae wawili tuisikilize. Kuna mahali nataka nikuonyeshe nikiwa bado nasikia."

Birika lake likapiga filimbi jikoni. Aliinuka kabla mimi sijalisikia.

Nilimpelekea Fundi Saa siku hiyo hiyo. Naapa kwamba nilipofika kwenye kibanda chake nilikuwa na nia safi. Aliikata sehemu mbovu, akaiunga, akaiweka kwenye mashine ili aijaribu. Kwanza ikaja injini. Kisha chini ya injini likaingia gita la umeme, limelegezwa nyuzi mpaka linanguruma, likizunguka na ile injini bega kwa bega. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, haiko juu, haina haraka, inapita katikati ya ile vurugu bila kugusa kuta. Fundi Saa alivua lenzi yake. Ndani ya miaka sita sikuwahi kumwona ameivua saa za kazi.

"Umeipata wapi?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kusema ukweli, tena ni maneno manne tu: ni ya mama mdogo. Lakini msanii alikuwa hai, tena anapatikana, tena ni shangazi wa mke wa muuza duka wa pembeni. Ningesema hivyo, kaseti ingefutwa kabla ya kufika kilabuni, na mimi ningebaki yule yule wa kuleta milango ya magari. Nikajibu kwamba niliikuta kwenye dari ya nyumba moja nilipokuwa nafuatilia bomba linalovuja. Uongo ule ulinitoka mzima mzima na mapambo yake, mpaka panya nikawatia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa mfalme. Juu ya kaseti maandishi yalikuwa yamefutika, yamebaki maneno "upande wa pili", basi kilabu kikaliita kundi lile Upande wa Pili. Daktari alisema injini ile ni hukumu dhidi ya viwanda. Mwalimu alihesabu mdundo mmoja uliokuwa unagonga ndani ya injini, akagundua unarudi kila baada ya mapigo kumi na moja, akakosa usingizi siku tatu. Na Mpokezi, tulipotazama chini ya meza, hakutikisa hata ukucha. Miguu yake hatukuiona kabisa, alikuwa ameikunja chini ya kiti. Tukakubaliana kwamba muziki huu hauwezi kupendwa na mtu wa kawaida, na hiyo ndiyo sifa kubwa kupita zote tulizokuwa nazo.

Lakini kilichotutia wazimu ni yule wa tatu. Dakika ya tisa, injini, gita na mwanamke wakiwa wameshapatana, inaingia sauti ya nne, yaani mpigaji wa tatu ukiiacha injini. Ni sauti nyembamba, kali, inapanda na kukatika, inanyamaza kama imemaliza, halafu inarudi kwa hasira zaidi. Inaendelea dakika sita, kisha inafifia. Fundi Saa alisema ni bawaba iliyokosa mafuta, inachezwa na mtu mwenye kipaji. Daktari alisema ni tupa juu ya bati, na tupa anazijua. Mwalimu alisema ni fidla ya uzi mmoja. Mimi nilishikilia kwamba ni ala ya kupuliza iliyotengenezwa kwa bomba la maji la nusu inchi, kwa kuwa mtu hutetea anachokijua.

Nikafanya zaidi ya kushikilia. Niliandika makala ya kurasa kumi na mbili, kichwa chake "Yule wa Tatu". Niliisikiliza sehemu ile mara nyingi mpaka nikaijua pumzi kwa pumzi: anapoanza, anapositasita, anapokohoa, anaporudi. Makala ilisomwa kilabuni Jumamosi tatu mfululizo. Daktari alisema ni kazi ya mtu aliyezama. Nilivimba kichwa, nisifiche.

Huku nyuma mama mdogo alikuwa anasubiri. Alipiga simu kila baada ya wiki, na mimi kila wiki nilikuwa na jipya. Fundi anasubiri kispringi. Fundi amesafiri. Fundi amefiwa na mama mkwe. Huyo mama mkwe yuko hai mpaka leo na ana afya kunishinda. Ningeweza angalau kumtolea nakala, najua, lakini mashine ya kunakilia ilikuwa ya Fundi Saa, angeuliza nakala ni ya nani, na sheria ya tatu niliitunga mimi mwenyewe. Nilikuwa nimesema kunakili ni kuzalisha na kuzalisha ni kueneza, na wenzangu walipiga makofi.

Mwezi wa nne tangu anipe kaseti nilikwenda kumwona, maana mke wangu alinitoa nyumbani kwa maneno. Nilimkuta ameketi sebuleni, uso mlangoni, mikono magotini. Jikoni birika lilikuwa linapiga filimbi ya kukereketa masikio, mvuke umejaa mpaka kwenye korido. Yeye alikuwa ametulia tuli.

"Umekuja nayo?" aliniuliza, akinitazama mdomo.

Nilikwenda jikoni, nikazima jiko, nikarudi kumwambia fundi anaomba wiki mbili. Nimesoma mita miaka kumi na tisa. Najua kusoma kitu kinachopungua. Siku ile nilisoma vizuri kabisa, kisha nikaondoka.

Mke wangu ndiye aliyemaliza mchezo. Jumamosi ya mwezi wa tano mama mdogo alipiga simu nyumbani kwetu akaomba aongee na mimi, na mke wangu, ambaye alikuwa amechoka kuwasikia wakwe wa watu wakizikwa, alipoona hasikiki kwenye simu alimwandikia ujumbe mfupi wenye mambo matatu: kaseti ilipona siku ya kwanza, iko kwa daktari wa meno, na mimi mumewe ni mtu wa ovyo. Mama mdogo alivaa viatu akatoka.

Sisi tulikuwa tumefumba macho, kama sheria inavyotaka. Mpokezi alimwona anaingia, akadhani ni mgonjwa, akamwonyesha kiti kilichokuwa wazi pembeni ya spika. Kwa hiyo alikaa nasi muda gani sijui. Wimbo ulipokwisha tukafumbua macho, na yeye alikuwa pale, mkoba mapajani, anatutazama mmoja mmoja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Daktari alimwuliza kwa upole ni jino gani linamsumbua.

"Meno yangu mazima," mama mdogo alijibu. "Nimefuata kaseti yangu."

Mwalimu alifungua daftari na kumweleza, kwa ile sauti ya kumsahihisha mtoto, kwamba kaseti ilipatikana kwenye dari ya nyumba, penye bomba linalovuja na panya. Mama mdogo alimfuata midomo mpaka mwisho, kisha akageuza kichwa kuniangalia mimi. Hakunikaripia. Aliwaambia wenzangu kwamba alinikabidhi mkononi, kwake sebuleni, na kwamba yeye ni mama yangu mdogo. Fundi Saa, ambaye nilimfishia mkwe bila yeye kujua, alinitazama mimi, kisha akayatazama yale meno ya plasta kabatini.

Walijaribu kumtilia shaka, bila shaka. Mtu akishaabudu kitu miezi mitano hataki kukabidhiwa mwenyewe akiwa na mkoba wa kwendea sokoni. Mwalimu alimwuliza, kwa kumtega, huo mdundo unaorudi katika injini ni kitu gani.

"Ni mshono wa ule ukanda unaozungusha mashine," alisema. "Kila mshono ukipita kwenye gurudumu, unagonga. Mwanzo ulikuwa unagonga kwa kumi na tatu, unaniingilia kwenye maneno. Mume wangu akaukata ukanda, akaushona mfupi, mpaka ukaja kumi na moja. Tulikesha siku mbili kwa hiyo kumi na moja."

Mwalimu wa Hesabu alifunga daftari lake taratibu. Macho yalikuwa yamemlowa, na sikumcheka. Mama mdogo akaendelea, maana hakuna aliyewahi kumwuliza. Alisema watu walimwambia azime mashine ndipo aimbe, naye akawaambia mashine haizimwi, ndiyo inayojua wimbo. Alisema walitoa kaseti kumi na mbili na watu kumi na mmoja walizirudisha, wakidhani ni mbovu. Yeye na mumewe walikaa wakacheka usiku kucha, kisha wakaanza kutunga wimbo mwingine. Mimi nilimsikiliza kwa aibu. Nilikuwa nimemjua mwanamke huyu maisha yangu yote, na nilihitaji kufumba macho kwenye chumba cha meno ndipo nijue alikuwa nani.

Daktari alijikusanya, akasimama. Alikuwa na jambo la mwisho, na alilisema kwa heshima. Aliomba kujua yule mpigaji wa tatu ni nani, na akaongeza kwamba kilabu kimefanya utafiti. Kabla sijamzuia alishamkabidhi ile makala yangu.

Mama mdogo alitoa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akafungua wa tano. Akasoma kwa sauti, neno moja moja: "Sauti ya mwanamke inamjia mara kwa mara kwa upole, na kila mara Yule wa Tatu anaikataa. Hataki kufarijiwa. Huu ndio msimamo wa msanii wa kweli." Akavua miwani.

"Kweli kabisa," alisema. "Ulikuwa hutaki chupa."

Hakuna aliyeelewa, mimi nikiwa wa kwanza. Ikabidi aeleze. Walikuwa na mtoto wa miezi minane, wa dada yake, na hapakuwa na mtu wa kumwachia, basi walimlaza kwenye boksi juu ya magunia, karibu na mashine, maana alikuwa amezoea kulala kwa ule mngurumo. Siku ya kurekodi aliamka katikati. Baba mdogo akataka wasimamishe waanze upya, na mama mdogo akamkatalia kwa mkono. Mtoto alikuwa analia sawa na gita. Akageuza wimbo, akawa anambembeleza humo humo, huku utepe unazunguka.

"Hapo ndipo nilipotaka nikuonyeshe," aliniambia.

Mpokezi ndiye aliyecheka, na alicheka mpaka akashika meza. Nilistahili. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na mbili juu ya kilio changu mwenyewe na kukisifu kwa kukataa dunia, kumbe kilikuwa kinakataa maziwa.

Kilabu kilijadiliana hapo hapo. Daktari alisema, kwa masikitiko makubwa, kwamba msanii yuko hai, amejieleza, na mmoja wa wapigaji ni mwanachama. Sheria mbili za kwanza zimevunjwa, na kaseti sasa imesimama kwa mtihani wa Mpokezi peke yake. Mpokezi akafuta machozi ya kicheko, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Na mimi nimewadanganya," alisema. "Ile siku ya kwanza niliona mguu unataka kwenda, nikaukunja chini ya kiti ili msiufute. Miezi mitano nimekaa nimejikunja, mpaka goti linauma. Wanangu wote wanaujua huo wimbo."

Mwalimu alitoa kalamu nyekundu. Aliishika muda mrefu juu ya daftari, akamtazama mama mdogo, akaandika kwamba Upande wa Pili wamefutwa. Mimi nilifutwa mstari uliofuata, kwa uongo wa dari. Daktari alifungua kabati, akaitoa kaseti katikati ya taya mbili za plasta, akampa mwenyewe.

Mama mdogo hakuitia mkobani. Alimrudishia Fundi Saa mkononi, akaomba apigiwe mara moja, kwa kuwa spika za pale ni kubwa na nyumbani kwake hana. Nani angemkatalia. Alivuta kiti chake mpaka spika ikagusa bega lake, akaweka kiganja cha kushoto juu ya mbao, na kiganja cha kulia akanipa mimi. Safari hii hakuna aliyefumba macho.

Injini ikaja, akaitikia kwa kichwa. Gita la marehemu likaingia, akatabasamu na kulitaja jina lake la nyumbani, ambalo sikuwahi kulisikia. Sauti yake mwenyewe ya miaka ile ikapita katikati, naye akaifuata kwa midomo. Pale mezani Mpokezi alikuwa amenyoosha miguu yote miwili, anapiga kumi na moja bila kukosea. Dakika ya nane ikaisha. Mama mdogo akanigeukia, uso umechangamka, akiningoja.

Kilio kikaanza. Kilijaa chumba kizima, kikali, kikagonga vioo vya kabati. Daktari alijikunja kidogo, kama alivyofanya kila Jumamosi. Mama mdogo aliendelea kunitazama. Kikapanda, kikakatika, kikarudi.

"Mbona bado hujaanza?" aliniuliza.

Fundi Saa aliinamisha kichwa. Mimi nilikumbuka lile birika la siku ya kwanza, alivyoinuka kabla yangu, na nikahesabu miezi mitano, wiki kwa wiki, kispringi kwa kispringi. Hata mwezi mmoja ungetosha. Nilikuwa nimeiba kitu ambacho hakirudishwi kwa kufunguliwa kabati.

Nilichokuwa nacho ni kurasa kumi na mbili. Basi nikakibonyeza kiganja chake kwa kidole, nikakishikilia. Alikitazama kidole changu, akanitazama usoni, akaelewa. Mtoto alipovuta pumzi niliachia. Aliporudi nilibonyeza. Alipositasita nilisitasita, alipokohoa niligonga mara mbili, alipopandisha hasira nilibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe, na sikukosea hata mahali pamoja, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyemsikiliza yule mpuuzi kama mimi. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, mikono yangu ilikuwa na kazi. Dakika ya kumi na tano nilianza kulegeza kidogo kidogo, kisha nikaachia kabisa.

"Hapo ulilala," alisema mama mdogo. Alifumba mkono wake, akauweka juu ya mkoba. "Na sisi tukaendelea kupiga."